Kwa nini udi wangu hupanda kila ninapoulinganisha kwa sikio ukumbini penye kelele?

#1 Nyuzi Kumi na Moja

Assalaam alaykum waungwana. Napiga udi katika kikundi kidogo cha taarabu hapa Unguja, na kazi zetu nyingi ni za harusini. Jambo ninalolileta limenitokea mara tatu katika miezi michache, na sasa linaninyima usingizi.

Tukifika ukumbini, nafasi ya kujitenga chumba cha pembeni huwa haipo. Wageni wameshaingia, watoto wanakimbizana kati ya viti, fundi wa sauti anahesabu moja mbili moja mbili kwenye maikrofoni, na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta wa jukwaa. Hapo huinama mpaka shavu langu liguse mbao ya udi, nikaanza na uzi wa Sol (noti tunaziita Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si), kisha nikaendelea kwa nyuzi za juu na za chini hadi zote kumi na moja zipatane. Na zinapatana kweli, kwani nikizipiga wazi hakuna hata mmoja unaoteta na mwenzake. Lakini akodiani ikiingia tu, najikuta niko juu yake.

Harusi ya mwisho nilirekodi kwa simu, nikasikiliza nyumbani usiku kukiwa kimya. Udi wote umepanda juu ya akodiani na fidla kwa kiasi cha theluthi moja ya nusu toni (nusu toni ni hatua ndogo ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani), nyuzi zote kwa pamoja. Kinachonisumbua ni kwamba sijawahi kushuka hata mara moja. Kama ni sikio kuchoka tu, si ningekosea mara huku na mara kule? Kwa nini kila mara ni kupanda?

#2 Mzee wa Besi

Karibu kijana. Nimepiga besi katika bendi za dansi Dar es Salaam tangu enzi ambazo kipimo cha kutyunia tulikuwa hatukijui, na jibu lako naliona jepesi. Penye kelele mtu hupiga uzi kwa nguvu ili ausikie, na uzi ukipigwa kwa nguvu hupanda. Wewe unausikia umepanda, unauacha hivyo hivyo. Piga polepole, shida itakwisha.

#3 Fidla ya Tanga

Shikamoo Mzee wa Besi. Sehemu ya kwanza ya maneno yako ni sahihi kabisa: uzi ukivutwa kwa nguvu huanza juu, kisha hutulia chini kidogo kadiri unavyofifia. Lakini matokeo yake ni kinyume cha ulivyosema. Anayelinganisha kwa kupiga kwa nguvu hulegeza uzi mpaka ule mwanzo wa sauti ufike mahali pake, na baadaye akipiga kwa utulivu uzi huwa chini, si juu. Kwa hiyo tabia hiyo ingemshusha mwenzetu, na yeye anasema hashuki kamwe.

#4 Mzee wa Besi

Marahaba. Nimelifikiria nikiwa na gitaa mkononi, na uko sahihi. Naiondoa hoja yangu, ila ushauri wa kupiga polepole nauacha palepale.

#5 Fundi Mitambo

Mimi kazi yangu ni vyombo vya sauti, na nadhani mkosaji amekwisha kutajwa katika bandiko la kwanza bila kushukiwa. Ni jenereta.

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kila kinachonguruma kwa umeme huo hunguruma kwa 50 na mafungu yake: 100, 150, 200. Sasa tazameni udi. Uzi wa Sol anaoanza nao ndugu yetu una mitetemo 196 kwa sekunde. Mngurumo una 200. Uzi wa Re una karibu 147, na mngurumo una 150. Tofauti ya 196 na 200 ni takriban theluthi moja ya nusu toni, na kati ya 147 na 150 ni karibu kiasi hicho hicho. Ndicho kiasi alichokisikia kwenye simu yake, na ni kwa upande huo huo wa kupanda.

Mtu anapolegeza na kukaza penye kelele, sikio lake linatafuta mahali ambapo sauti inatulia na ule mtikisiko wa sauti mbili kupishana unakoma. Mngurumo ukiwa umejaa chumba kizima, uzi wa Sol unatulia pale unapokubaliana na mngurumo. Yeye anadhani amepata Sol, kumbe amelipata jenereta. Akishakosea uzi wa kwanza, zilizobaki zinaufuata kwa uaminifu, na ndiyo maana zote zimepanda pamoja.

#6 Nyuzi Kumi na Moja

Subhanallah. Hesabu hiyo imenikaa sana, maana ni kweli huanza na Sol. Hata hivyo sina budi kusema ukweli wote: katika zile harusi tatu, moja haikuwa na jenereta. Umeme ulikuwapo usiku mzima.

#7 Fundi Mitambo

Umeme wa gridi nao ni 50. Spika zikiwa zimewashwa na waya wa ardhi haukufungwa vizuri, utausikia ule ule mngurumo hata bila jenereta. Kumbuka kama kulikuwa na "mmmm" kwenye spika kabla ya muziki kuanza.

#8 Binti Kanuni

Salaam kwenu. Nimesoma kwa makini kwa sababu jambo hili kwangu ni kubwa zaidi: kanuni yangu, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na nikikosea noti ya kwanza nimeikosea kazi ya karibu saa nzima. Kwa sababu hiyo hufika ukumbini alasiri, wakati wapambaji bado wanafunga vitambaa. Mara moja nilichelewa, nikajikuta nalinganisha huku vigelegele vinapigwa na bibi mmoja amesimama mbele yangu akiniuliza kama hicho ni kinanda. Nilikuwa nimeupachika ufunguo kwenye uzi wa kati wa zile tatu, nikainua macho kumjibu, na niliporudi nikaukaza uzi wa jirani. Ulikatika ukanichana kidole. Tangu siku hiyo sikubali kufika baada ya wageni.

Nina hoja mbili kuhusu jenereta. Ya kwanza inamuunga mkono Fundi. Ikhwani Safaa, kikundi kikongwe cha taarabu hapo Unguja, walianza mwaka 1905, na wapigaji wa enzi hizo hawakuwa na spika wala jenereta. Kelele waliyoijua ni ya watu. Kelele ya watu haina noti moja. Inakera, inafunika, lakini haikuvuti mahali maalumu. Mngurumo wa mashine una noti yake, na sikio haliwezi kukaa muda mrefu karibu na noti bila kuielekea.

Hoja ya pili inampinga. Jenereta halikai kwenye 50. Likibebeshwa mzigo, injini inalemewa na mzunguko unashuka. Likishuka hadi 49 tu, mafungu yake yanakuwa 98 na 196, yaani Sol yenyewe, sawa na ya udi. Likienda chini ya hapo, lingemvuta ndugu yetu ashuke. Mbona yeye hashuki?

#9 Fundi Mitambo

Swali zuri, dada, na umenilazimisha nieleze zaidi. Majenereta madogo ya petroli aghalabu huwekwa yazunguke juu kidogo ya kiwango yanapokuwa hayana mzigo, pengine 52, ili yakibebeshwa yashuke hadi 50. Wakati wapigaji wanalinganisha vyombo, amplifaya zimelala na taa za jukwaani bado hazijawashwa, kwa hiyo mzigo ni mdogo na mngurumo uko juu. Muziki ukianza, jenereta linashuka, lakini nyuzi zimekwisha kukazwa.

#10 Fidla ya Tanga

Hapo sasa hesabu inakuharibikia, mkuu. Jenereta likiwa kwenye 52, fungu la nne ni 208, na hiyo si theluthi ya nusu toni juu ya Sol. Ni nusu toni nzima. Mpiga udi hawezi kukosea nusu toni nzima asijue.

#11 Fundi Mitambo

Nakubali kwamba kwa jenereta lisilo na mzigo kabisa hesabu inapitiliza. Lakini hakuna ukumbi wa harusi usio na mzigo: kuna feni na friji za vinywaji. Tuseme liko katikati, kati ya 50 na 51. Bado msimamo wangu ni ule ule.

#12 Akodiani Mkongwe

Mnamhukumu jenereta na hamjamwuliza aliyepigiwa mfano. Akodiani za taarabu nyingi zina vilimi (vipande vya chuma vinavyotoa sauti) viwili au vitatu kwa kila noti, na kimoja kimepandishwa kidogo kwa makusudi ili sauti itikisike. Ule mtikisiko mnaoupenda ndio huo. Ukiniuliza "La yako iko wapi," nitakujibu kwamba iko mahali pawili kwa wakati mmoja. Isitoshe, akodiani nyingi hutoka kiwandani La yake ikiwa na mitetemo 442 kwa sekunde badala ya 440 ya kawaida, na mimi siwezi kuikaza wala kuilegeza jukwaani. Kwa hiyo sheria ya kikundi chetu ni moja: hakuna anayegusa kigingi cha kukazia uzi kabla sijatoa La.

#13 Binti Kanuni

Maalim, sheria hiyo ni nzuri, lakini haijibu swali. Kama akodiani iko juu ya kawaida na udi uko juu ya akodiani, basi udi umepanda zaidi ya tulivyodhani.

#14 Nyuzi Kumi na Moja

Na kwetu sheria hiyo ina shida moja: mpiga akodiani wetu, Mungu amhifadhi, huingia ukumbini wa mwisho na kuelekea kwenye biriani kwanza.

#15 Akodiani Mkongwe

Anabeba kilo kumi kifuani usiku mzima. Mwacheni ale.

#16 Mhudumu wa Masikio

Habari zenu. Nafanya kazi ya kupima usikivu, na naomba kuongeza sababu ambayo haihitaji jenereta.

Sauti moja ile ile, ikiongezwa nguvu, haisikiki kwenye noti ile ile. Sauti nene, hasa zile safi zisizo na mafungu (sauti ndogo za juu zinazoandamana na noti), husikika zimeshuka kidogo zinapokuwa na nguvu kubwa. Mwenzetu anaegemeza shavu kwenye mbao, na sauti inapita kwenye mifupa ya fuvu moja kwa moja hadi sikio la ndani. Kwake yeye uzi wa Sol una nguvu nyingi sana wakati huo. Anausikia uko chini kuliko ulivyo, anaukaza kufidia. Anapoinua kichwa, udi uko juu. Hii inaeleza kwa nini ni kupanda tu, na inaeleza pia ile harusi isiyokuwa na jenereta.

Nawasihi jambo moja pembeni ya mada. Kiwango kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100 mnabakiwa na robo saa. Ukitoka harusini masikio yanalia "ngiii," hilo ni onyo. Wengi wanaokuja kwangu walilisikia miaka mingi kabla ya kuja.

#17 Fidla ya Tanga

Ahsante kwa onyo, nami ni mmoja wa wanaotoka na hiyo "ngiii." Kuhusu maelezo yako, swali langu ni hili: umesema sauti safi. Uzi wa udi una mafungu mengi juu ya noti yake, na nijuavyo ile hali ya kushuka ni ndogo sana kwa sauti za namna hiyo. Je, inatosha kufika theluthi ya nusu toni?

#18 Mhudumu wa Masikio

Hapana, kwa sauti yenye mafungu mengi athari hupungua sana. Siwezi kudai inafika kiasi hicho. Nadhani inachangia.

#19 Msafiri wa Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Naona hakuna aliyetaja hewa. Mimi napiga udi huku kwa wenzetu wenye asili ya Unguja, na udi mmoja ninaousafirisha huwa na tabia mbili. Kumbi za huku zina kiyoyozi cha baridi na hewa kavu. Mbao inanywea, vigingi vinalegea, na sauti inashuka hata kabla ya wimbo wa pili. Nikiuleta Unguja mwezi wa masika, mbao inavimba, uso wa udi unainuka na nyuzi zinakazika zenyewe. Ukumbi uliojaa watu mia tatu wanaotoka jasho ni masika ya ndani. Ndugu yetu analinganisha vizuri, kisha udi unapanda wakati bwana harusi bado yuko njiani.

#20 Nyuzi Kumi na Moja

Nimelipima hilo kichwani. Lingekuwa hewa, nyuzi zisingepanda kwa kiasi kimoja, kwa kuwa nyembamba na nene haziitikii sawasawa. Zangu zimepanda pamoja na bado zinapatana. Lakini kuhusu vigingi nakuunga mkono. Vyangu wakati wa masika hung'ang'ania kabisa, halafu huruka ghafla.

#21 Fidla ya Tanga

Kwa hilo la vigingi nina dawa niliyofundishwa nikiwa mdogo. Chomoa kigingi, sugua sabuni kavu pale kinapogusana na tundu, kisha pitisha chaki juu yake. Sabuni inafanya kizunguke, chaki inafanya kishike. Kikiteleza ongeza chaki, kikiganda ongeza sabuni. Fidla yangu haijaruka kigingi tangu nianze kufanya hivyo, hata katika harusi za uani zenye umande.

#22 Kijana wa Solo

Samahanini wakubwa. Mnazunguka mbali. Nunueni kile kipimo kidogo cha kubana kwenye kichwa cha chombo. Hakisikilizi hewa, kinasikiliza mtetemo wa mbao. Hata spika zikipiga kelele namna gani, kinaonyesha uzi wako tu.

#23 Nyuzi Kumi na Moja

Ninacho, kijana wangu. Lakini taarabu ina maqamu, yaani mipangilio ya noti ya Kiarabu, ambazo baadhi ya noti zake ziko katikati ya nusu toni mbili, kama ile ya tatu katika maqamu iitwayo rast, na kipimo hakizijui.

#24 Binti Kanuni

Hapo, kaka, sikubaliani nawe. Kwangu mimi hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kanuni haina mahali pa kuteleza kidole. Noti ya katikati lazima niiweke kwa vile vibao vidogo vya chuma vilivyo kando ya nyuzi. Udi hauna vizuizi shingoni. Noti ya tatu ya rast unaiweka kwa kidole chako. Nyuzi zako zikiwa wazi ni noti za kawaida tupu, na kipimo cha kubana kinazijua zote. Kama hutaki kukitumia kwa sababu unataka kulinda sikio lako, sema hivyo. Hiyo ni sababu ya heshima.

#25 Nyuzi Kumi na Moja

Umenikamata, dada. Ni hiyo. Aliyenifundisha alikuwa akifunga taa chumbani na kuniambia nilinganishe gizani, na naona nikikitegemea kipimo nitakuwa nimeupoteza urithi wake.

#26 Mzee wa Besi

Basi mimi nikupe njia ya sikio ambayo haikuniangusha. Tulipokuwa tunapiga baa, mpiga saksafoni ndiye aliyetoa noti, na saksafoni ikipata joto hupanda, karibu senti 3 kwa kila digrii ya joto, ukihesabu nusu toni kuwa senti 100. Nyuzi za chuma zikipata joto hushuka. Kwa hiyo usiku ukisonga tulikuwa tunaachana kama mashua mbili. Nilichokuwa nikifanya ni hiki: naziba sikio moja kwa kidole, naimba noti ya saksafoni kwa mdomo uliofungwa, chini kwa chini, mpaka naihisi kwenye meno. Ukiziba sikio, sauti yako mwenyewe inajaa kichwani na ya ukumbi inarudi nyuma. Kisha natoka na noti ile mdomoni, nageuka kuutazama ukuta, na kuutafutia uzi. Noti iliyo mdomoni mwako haina mngurumo wa mtu.

#27 Fundi Mitambo

Njia hiyo naiheshimu, mzee. Ila ukiwa umesimama karibu na spika yenye mngurumo, hata unachokiimba kinaweza kuvutwa. Nimewasikia waimbaji wakianza mashairi juu ya ufunguo kwa sababu hiyo.

#28 Mzee wa Besi

Ndiyo maana nimesema ugeuke ukutani.

#29 Kijana wa Solo

Nami nimejaribu jana kipimo changu karibu na spika la besi, nikiwa nimekaa kwenye jukwaa la mbao. Kilichanganyikiwa: jukwaa lilitetemeka, gitaa likatetemeka nalo, na sindano ikawa inarukaruka. Nilipolinyanyua gitaa na kusimama chini kwenye saruji kikatulia. Kwa hiyo nimesema kweli, lakini si kweli yote.

#30 Nyuzi Kumi na Moja

Ahsanteni nyote. Jumamosi tuna harusi nyingine, ukumbi ule ule wa mara ya kwanza. Nimezungumza na mwenye jenereta akakubali kulizima dakika tatu kabla ya bibi harusi kuingia, kwa sharti kwamba friji za vinywaji zisiguswe. Nitalinganisha mara mbili: kwanza jenereta likinguruma, nirekodi, kisha likiwa limezimwa, nirekodi tena. Mara zote mbili bila kuegemeza shavu, ili na maneno ya Mhudumu wa Masikio yapate haki yake.

#31 Binti Kanuni

Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, kaka. Ukiondoa shavu na kuzima jenereta usiku mmoja, hutajua kipi kilikusaidia. Weka shavu kama kawaida yako mara zote mbili. La shavu lisubiri harusi ya mwezi ujao.

#32 Fundi Mitambo

Na ukirekodi, anza na uzi wa Re badala ya Sol angalau mara moja. Kama nimesema kweli, utapanda vilevile.

#33 Msafiri wa Muscat

Mimi nimejaribu hilo usiku huu katika chumba chenye kiyoyozi kikubwa kinachonguruma. Umeme wa huku nao ni wa mizunguko 50. Nilipoanza na Sol nilipanda, kama Fundi alivyotabiri. Nilipoanza na Re sikupanda hata kidogo. Nimerudia mara nne, na mara zote ni hivyo hivyo. Sijui niwaambieje.

#34 Fundi Mitambo

Uzi wako wa Re ni wa nailoni au umezungushiwa waya?